Funika jina la Papa kwanza: namna ya kusoma utabiri wa zamani kuhusu Mapapa

Februari 2013, juma lile Papa Benedikto XVI alipotangaza kwamba anang'atuka, nilisimama mbele ya darasa langu la wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kwa ubatizo, nikiwa na daftari mkononi. Daftari hilo nililianza mwaka 2005, siku za msiba wa Yohane Paulo II. Nilikuwa nimenakili humo mafumbo yote 112 ya Kilatini yanayosemekana kuachwa na Mtakatifu Malaki, fumbo moja kwa kila Papa. Nikasoma la 111, Gloria olivae, utukufu wa mzeituni, nikasema huyo ndiye Benedikto anayeondoka. Kisha nikasoma la mwisho, la Petro Mrumi, nikawaambia kwamba atakayechaguliwa ndiye anayefunga orodha.

Kulikuwa na bibi mmoja aliyezoea kuja na mjukuu wake, kijana aliyekuwa akijiandaa kwa ubatizo. Akanyoosha mkono taratibu akaniuliza: "Mwalimu, huyu mjukuu wangu amebakiza mwaka mzima wa mafundisho. Kama ndivyo hivyo, bado kuna haja?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetumwa kuwaleta watu kwenye ubatizo, na kwa daftari langu nilikuwa nimemfanya mtu mmoja ajiulize kama ubatizo una maana tena. Usiku ule nilianza kazi ambayo ningepaswa kuifanya miaka minane nyuma: kukaa na unabii wenyewe, mstari kwa mstari, na kuuliza umetoka wapi. Haya ninayoandika ni njia niliyoipata katika kazi hiyo. Inafaa kwa orodha ya Malaki na inafaa kwa nyingine nyingi zinazosambaa kila Papa anapougua.

Uliza karatasi ina umri gani

Kila unabii wa aina hii una tarehe mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Ya kwanza ni wakati anaosemekana kuishi mtabiri. Ya pili ni wakati ambao maandishi yenyewe yalionekana kwa mara ya kwanza. Ziandike zote mbili, ya pili juu ya ya kwanza, kisha toa.

Malaki wa Armagh (si nabii Malaki wa Agano la Kale, nimesikia hata waliosoma wakiwachanganya) alikuwa askofu mkuu huko Ayalandi. Alizaliwa mwaka 1094, akafariki tarehe 2 Novemba 1148 katika monasteri ya Clairvaux, Ufaransa, akiwa safarini kwenda Roma. Mafumbo yanayobeba jina lake yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1595 huko Venice, ndani ya kitabu kiitwacho Lignum Vitae cha mmonaki Mbenediktini Arnold Wion. Toa 1148 kwenye 1595, unabaki na miaka 447. Kwa miaka yote hiyo hatuna mtu hata mmoja aliyenukuu hata fumbo moja.

Ukimya huo unakuwa mzito zaidi ukijua ni nani aliyenyamaza. Bernardo wa Clairvaux alikuwa rafiki wa Malaki, alikuwapo alipokata roho, na ndiye aliyeandika maisha yake. Anasimulia safari zake, wagonjwa walioponywa, mambo ambayo Malaki aliyajua kabla hayajatokea. Juu ya orodha ya Mapapa hasemi neno. Rafiki aliyekusanya kwa upendo mkubwa hivyo kila alama ya utakatifu wa mwenzake, ataachaje jambo kubwa kuliko yote? Mimi hapo ndipo nilipoanza kuyumba.

Utakutana na jibu kwamba Malaki alimkabidhi Papa Inosenti II orodha hiyo, ikafungiwa katika hifadhi za Roma hadi ilipogunduliwa. Jibu hilo lenyewe lipime kwa njia ile ile. Lilitolewa na padre mmoja wa Ufaransa katika karne ya 19, bila kuonyesha hati yoyote. Maelezo yanayozaliwa miaka mia saba baada ya tukio, ili kuziba pengo la hadithi, hayazibi kitu.

Chora mstari kwenye mwaka 1590

Hii ndiyo hatua iliyonifungua macho, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukua orodha yote. Inaanza na Selestino II, aliyechaguliwa mwaka 1143. Teremka hadi Urbano VII, aliyekuwa Papa kwa siku chache tu Septemba 1590. Hapo utakuwa umehesabu mafumbo 74. Chora mstari mzito kwa kalamu nyekundu chini yake. Sasa soma yaliyo juu ya mstari, kisha yaliyo chini, na usikilize tofauti ya sauti.

Juu ya mstari, mtabiri anajua kila kitu. Selestino II ni Ex castro Tiberis, kutoka ngome ya mto Tiber, na kweli alizaliwa Città di Castello, mji ulio kando ya mto huo. Pio II ni De capra et albergo, kutoka kwa mbuzi na nyumba ya wageni. Linaonekana fumbo la ajabu mpaka ujue kwamba ujanani alikuwa katibu wa Kardinali Capranica na baadaye Kardinali Albergati: capra ni mbuzi, albergo ni nyumba ya wageni. Pio III ni De parvo homine, kutoka kwa mtu mdogo, na jina la ukoo wake ni Piccolomini, ambalo sikioni mwa Mwitaliano ni piccolo uomo, yaani mtu mdogo. Aleksanda VI ni Bos Albanus in portu, ng'ombe wa Albano bandarini: nembo ya ukoo wa Borgia ni fahali, na yeye alipata kuwa kardinali askofu wa Albano na wa Porto. Adriano VI ni Leo Florentius, simba wa Florens, naye ni mtoto wa mtu aliyeitwa Florens.

Angalia vizuri mafumbo hayo yanazungumzia nini. Ukoo, nembo, mji wa kuzaliwa, cheo cha kikardinali, jina la baba. Ni mambo yanayoandikwa kwenye kumbukumbu za Mapapa, sehemu ya juu kabisa ya ukurasa, kabla hata mtu hajaanza kueleza Papa huyo alifanya nini. Mtu mwenye vitabu hivyo mezani, mwaka 1590, angeweza kuyatunga yote kwa mwezi mmoja. Hata Mapapa waliowekwa kinyume cha Papa halali wamo. Pedro de Luna, aliyejiita Benedikto XIII wakati wa mfarakano mkubwa, ameitwa Luna Cosmedina, mwezi wa Cosmedin: jina lake ni de Luna na kanisa lake la kikardinali huko Roma lilikuwa Santa Maria in Cosmedin. Hakuna shida wala dhiki ya Kanisa iliyotajwa hapo. Ni jina na anwani.

Vuka mstari sasa. Leo XII, aliyechaguliwa 1823, ni Canis et coluber, mbwa na nyoka. Nembo yake haina mbwa wala nyoka. Wafafanuzi wakasema mbwa ni ulinzi na nyoka ni busara, nayo ni sifa ambayo ungeweza kumpa Papa yeyote, na maaskofu wengi pia. Benedikto XIV, mmoja wa wasomi wakubwa waliowahi kukalia Kiti cha Petro, ni Animal rurale, mnyama wa shambani. Wakasema alifanya kazi kama ng'ombe wa kulimia. Pio XI ni Fides intrepida, imani isiyotetemeka. Nani asingefaa hapo?

Yaani yule mtabiri aliyejua mpaka jina la mwajiri wa kijana mmoja katika karne ya 15, ghafla hajui hata mji wa kuzaliwa. Badiliko hilo linatokea mahali pamoja, na mahali hapo ni pale pale wino ulipokuwa bado mbichi.

Tafuta nani alikuwa anasubiri jibu

Baada ya Urbano VII kufariki Septemba 1590, makardinali waliingia konklave, mkutano wao wa faragha wa kumchagua Papa, mwezi uliofuata na hawakumpata Papa hadi tarehe 5 Desemba, walipomchagua Gregori XIV. Ni karibu miezi miwili ya mivutano. Fumbo la kwanza chini ya mstari wetu mwekundu, ambalo ndilo la Papa aliyekuwa akitafutwa wakati huo, ni Ex antiquitate Urbis, kutoka ukale wa Mji.

Gregori XIV alitoka Lombardia, na maneno hayo hayamkai. Lakini ndani ya konklave ile alikuwamo Kardinali Girolamo Simoncelli wa Orvieto. Orvieto kwa Kilatini ni Urbs vetus, mji wa kale. Mjesuiti Claude-François Ménestrier aliliandika hilo mwaka 1689: kwamba orodha ilitungwa ili kumpigia debe Simoncelli, ionekane mbingu imekwisha kumteua karne nne nyuma. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, kwa maana hakuna aliyemkamata mtunzi kalamu mkononi. Ila kila kipande kinaangukia mahali pake: sahihi hadi 1590, kumfaa mtu mmoja aliyekuwa akigombea, na baada ya hapo maneno mapana ya kujaza orodha hadi siku ya hukumu.

Kwa hiyo, unaposhika unabii wowote kuhusu Papa ajaye, uliza ni nani aliyekuwa anasubiri jibu siku ulipotokea. Katika karne za mwisho za zama za kati kulizunguka Ulaya vitabu vya picha za Mapapa, mmoja na dubu, mwingine na malaika, vikiitwa Vaticinia de summis pontificibus na kupachikwa jina la abate Yoakimu wa Fiore, aliyefariki 1202. Yoakimu hakuviandika. Vilitokea takriban miaka mia moja baada yake, katikati ya ugomvi mkali juu ya ufukara wa Wafransisko na mali za Kanisa, na matumaini ya kumpata Papa wa kimalaika atakayeyanyosha mambo. Picha za Mapapa waliokwisha kufa zinatambulika. Za wajao zinaweza kuwa za mtu yeyote. Mstari ule ule mwekundu, mwaka tofauti.

Zoezi la kadi

Kata karatasi ngumu vipande vidogo. Upande mmoja andika fumbo kwa Kilatini na tafsiri yake. Kwenye kadi nyingine andika Papa: jina la ukoo, alikozaliwa, nembo yake ina nini, alikuwa nani kabla ya kuchaguliwa, jambo moja kubwa la utawala wake. Usiweke jina la kipapa mahali popote. Chagua mafumbo kumi kutoka chini ya mstari na Mapapa wao kumi, changanya, kisha oanisha.

Nilifanya hivi na darasa langu lile lile, jioni moja, na walinifurahisha kwa bidii. Kikundi kimoja kilimpa Pio IX mbwa na nyoka, wakaeleza kwa hoja nzuri kabisa: aliporwa mali za Kanisa, akajifungia Vatikani kama mbwa mlinzi. Kikundi kingine kikampa Leo XIII imani isiyotetemeka. Hakuna aliyekosa maelezo. Nilipofunua majibu, walikaa kimya, halafu dada mmoja akasema, "Kumbe sisi ndio tunaoutimiza."

Ndiyo maana nasema funika jina. Ukilijua jina kwanza, akili yako haitafuti tena ukweli, inatafuta daraja, na daraja halikosekani kamwe. Binadamu aliyeishi miaka sabini ana mji, baba, mama, nembo, shule, safari, vita vilivyopiganwa zama zake. Weka neno lolote mbele ya utajiri huo, litagusa kitu.

Vipi kuhusu yale yanayoonekana kupatia?

Usiyakimbie. Mtu akikuletea fumbo lililogonga, mkubalie kwamba limegonga, kisha mpime pamoja.

Yapo. Aleksanda VII wa karne ya 17 ni Montium custos, mlinzi wa milima, na nembo ya ukoo wake wa Chigi ina milima. Leo XIII ni Lumen in caelo, mwanga mbinguni, na nembo yake ina nyota yenye mkia. Paulo VI ni Flos florum, ua la maua, na nembo yake ina mayungiyungi matatu. Benedikto XV, aliyechaguliwa Septemba 1914, ni Religio depopulata, dini iliyoachwa bila watu. Huyu wa mwisho, nakiri, bado ananigusa kila ninapofikiria vijana waliofukiwa mahandakini kati ya 1914 na 1918.

Uliza maswali mawili. Je, ni vigumu kiasi gani jambo hili kutokea? Nyota, milima, maua, simba, tai na misalaba ndivyo vinavyojaa nembo za familia za Italia, na mtunzi aliyeijua desturi hiyo akitumia maneno hayo hayo mara nyingi, mengine yatapata wenyewe. Swali la pili: fumbo hili lina maelezo mangapi? Mchukue Yohane Paulo II, De labore solis, kutoka kazi ya jua. Utaambiwa alizaliwa tarehe 18 Mei 1920, siku ya kupatwa kwa jua, na akazikwa tarehe 8 Aprili 2005, siku nyingine ya kupatwa kwa jua. Tarehe zote mbili ni za kweli, na washairi wa Kilatini hutumia kweli neno labor kwa kupatwa kwa jua. Lakini jua hupatwa angalau mara mbili kila mwaka mahali fulani duniani. Mwingine atakuambia ni kwa sababu alitoka mashariki linakochomoza. Mwingine, kwa sababu aliizunguka dunia kama jua. Mwingine atamleta Copernicus, mwanafalaki aliyeliweka jua katikati, aliyesoma Krakow, mji ambao Yohane Paulo alikuwa askofu mkuu wake. Maelezo manne kwa fumbo moja maana yake ni kwamba hakuna lililolifungua.

Yohane Paulo I, siku 33 tu mwaka 1978, ni De medietate lunae, kutoka nusu ya mwezi. Watu husema alikaa kati ya nusu ya mwezi na nusu nyingine. Hesabu inakaribia. Lakini Papa yeyote anayekaa zaidi ya mwezi mmoja huishi chini ya nusu ya mwezi mara kadhaa. Ufupi wake ndio unaolifanya fumbo lionekane la pekee, na ufupi huo fumbo halikuutaja.

Angalia pia maandishi yenyewe. Fumbo la Klementi XIV katika chapa ya kwanza ni Ursus velox, dubu mwenye mbio. Katika chapa za baadaye limekuwa Visus velox, jicho la haraka. Mtu aliyejenga maelezo yake juu ya jicho amejenga juu ya kosa la mchapaji.

Maneno ya mwisho

Hapa ndipo hofu inapokaa, kwa hiyo yasome polepole. Baada ya Gloria olivae, kitabu cha Wion kinasema kwamba katika mateso ya mwisho ya Kanisa Takatifu la Roma ataketi, kisha: Petro Mrumi, atakayewalisha kondoo katika dhiki nyingi, zikiisha, mji wa vilima saba utabomolewa, na Hakimu wa kutisha atawahukumu watu wake. Mwisho.

Maneno ya mateso yamechapwa kama aya peke yake, na wapo wanaosema ni ya Papa mwingine kabla ya Petro. Wengine husema kati ya mzeituni na Petro wanaweza kupita Mapapa wengi wasiotajwa. Zingatia wakati maelezo hayo yanapopata nguvu: tarehe ikishapita.

Mwaka 2013, kabla ya konklave, Petro alitafutwa kila kona. Kardinali Tarcisio Bertone ana jina la Pietro na alizaliwa Romano Canavese. Watu wakasema ndiye. Kardinali Peter Turkson wa Ghana naye anaitwa Petro. Tarehe 13 Machi akatokea Jorge Mario Bergoglio wa Buenos Aires, akajiita Fransisko. Utafutaji haukukoma. Ikasemwa baba yake Fransisko wa Assisi aliitwa Pietro, kwa hiyo yumo Petro. Wazazi wa Bergoglio wana asili ya Italia, kwa hiyo yumo Mrumi. Baba wa mtakatifu ambaye Papa amechukua jina lake! Ukiruhusiwa kwenda mbali kiasi hicho, utamfikia Petro kutoka kwa mtu yeyote aliyebatizwa.

Papa Fransisko alifariki tarehe 21 Aprili 2025, na Roma bado ipo juu ya vilima vyake. Tarehe 8 Mei akachaguliwa Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyekuwa mmisionari na askofu nchini Peru, akajiita Leo XIV.

Siku hizo hizo ikazuka hesabu mpya, na inafaa kuifungua kwa sababu utaletewa. Siksto V, aliyechaguliwa 1585, ni Axis in medietate signi, mhimili katikati ya alama. Wanasema: huyo ndiye katikati ya orodha, kutoka 1143 hadi 1585 ni miaka 442, ongeza 442 nyingine, unapata 2027, mwaka wa mwisho. Kutoa na kujumlisha ni sahihi. Kasoro iko kwenye neno "katikati". Tafuta picha ya nembo ya Siksto V: utaona simba, na mshazari umempita katikati ya mwili. Simba ni alama ya nyota, signum, na ule mshazari ndio mhimili wake. Fumbo linaisoma ngao ya ukutani. Hakuna mwaka ndani yake.

Si kila unabii ni orodha

Usije ukaondoka hapa ukitupa kila kitu kapuni. Siri ya tatu ya Fatima ni jambo la namna nyingine. Watoto wachungaji wa Fatima, Ureno, waliona maono tarehe 13 Julai 1917, mmoja wao, Lucia, akayaandika tarehe 3 Januari 1944, na Kanisa likaichapisha Juni 2000 pamoja na ufafanuzi wa Kardinali Ratzinger. Hapo mwonaji anajulikana, tarehe ya kuandikwa inajulikana, na mamlaka ya Kanisa imeisoma. Ndani yake kuna askofu aliyevaa mavazi meupe anayeanguka chini ya msalaba akipigwa risasi, na Yohane Paulo II aliliona humo jaribio la kumuua la tarehe 13 Mei 1981. Lakini hata huko, soma: askofu katika maono anakufa, naye Yohane Paulo alipona. Ufafanuzi wa Ratzinger unalisema hilo waziwazi, kwamba maono si filamu ya mambo yasiyoweza kubadilika; ni wito wa kutubu na kusali. Huo ndio ufunguo wa maono: uliza yanataka nini kwako, usiulize ni nani anayefuata.

Ndoto ya Don Bosco, padre wa Italia aliyelea vijana, ya mwaka 1862 nayo isome hivyo. Meli kubwa, Papa usukani, maadui pande zote, nguzo mbili baharini: juu ya moja Ekaristi, juu ya nyingine Bikira Maria. Papa anaanguka, mwingine anachaguliwa, meli inafungwa kwenye nguzo. Aliwasimulia vijana wake, nasi tunaijua kwa waliomsikiliza na kuandika. Anayetumia siku nzima kumtafuta huyo Papa anayeanguka ameziacha nguzo.

Kanisa limeweka mipaka iliyo wazi. Katekisimu, namba 67, inafundisha kwamba ufunuo binafsi, hata ule uliotambuliwa, si sehemu ya amana ya imani. Kazi yake ni kutusaidia kuuishi ufunuo wa Kristo katika wakati fulani. Na orodha ya Malaki haijawahi kutambuliwa hata kwa kiwango hicho. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike: "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Tumezoea kuishika nusu ya kwanza na kuisahau ya pili. Kujaribu ni kazi ya mikono: tarehe, mstari, kadi.

Mtu akikujia ameogopa, usianze na Wion wala Simoncelli. Muulize kwanza ameusikia wapi na anaogopa nini hasa. Mara nyingi si mwisho wa dunia. Ni mtoto aliye mbali, ugonjwa, dhambi ya zamani ambayo hajaiungama. Hayo yana dawa, na dawa yake haiko kwenye orodha. Ukishamsikiliza, ndipo umwoneshe mstari mwekundu. Nimeona nyuso zikilegea pale tu mtu anapofanya mwenyewe hesabu ya 1595 toa 1148.

Yule bibi nilimfuata kwake juma lile lile, nikamwomba radhi. Nilimwambia nilifundisha kitu nisichokipima. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniambia, "Basi Jumamosi tutakuja." Kijana alibatizwa mkesha wa Pasaka wa mwaka uliofuata, na leo ndiye anayenisaidia kukata kadi.

Daftari ninalo bado. Nilipofika ukurasa wa mwisho mwaka 2005 nilinakili hata lile neno la kufungia, Finis, kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari mara mbili. Chini yake palibaki nafasi nyeupe ya karibu nusu ukurasa. Tarehe 8 Mei 2025, moshi mweupe ulipoonekana na jina likatangazwa, nilikaa mezani nikaandika hapo kwa kalamu ya risasi: Leo XIV, na tarehe. Kisha nikaacha mstari mmoja wazi.